Kuuza MP3 yenye ubovu unaoujua: mwongozo kutoka Ngamiani, Tanga

Miaka kadhaa nyuma niliuziwa MP3 hapa hapa Tanga, Ngamiani, ikiwa inapiga vizuri kabisa. Niliijaribu mbele ya muuzaji, nikasikiliza nyimbo mbili mpaka mwisho, nikatoa hela. Kufika nyumbani nikaibwaga kitandani, ikazima. Nikaitikisa, ikawaka. Fundi alipoifungua alitoa kipande cha boksi la sigara kilichokunjwa mara nne, kimeshindiliwa nyuma ya betri ili waya uliokatika uendelee kugusana na sakiti. Kilikuwa kimekunjwa kwa utulivu, pembe juu ya pembe, kama barua ya posa.

Waya ulichomelewa kwa dakika kumi. Yule bwana angeniambia tangu mwanzo ningeinunua vile vile, kwa bei pungufu kidogo, na leo tungekuwa tunasalimiana. Sasa tukikutana soko la Mgandini kila mmoja anakazia macho mafungu ya nyanya.

Tangu hapo nimeuza vimeo vyangu, cha dada yangu na vya majirani wawili, vyote na ubovu wake, vyote nikiwa nimeutaja, na hakuna kilichorudishwa mlangoni kwangu. Humu nafuata ile ya mwisho niliyouza: MP3 nyeusi ya kuchomeka memori kadi, yenye kiskrini kidogo, sikio la kulia halisikiki mpaka uikandamize pini kwa juu, na betri imechoka.

Hatua ya 1: Ujue ubovu kwa jina lake

"Inasumbua kidogo" haimwambii mnunuzi kitu. Akisikia hivyo atajaza mwenyewe, na atakachojaza ni kibaya kuliko ukweli. Tenga jioni moja, kaa na daftari.

Anza na hedifoni. Chukua jozi mbili, moja iwe ile unayojua inapiga vizuri kwenye simu. Ubovu mwingi zinaosingiziwa MP3 ni waya wa hedifoni uliokatika karibu na pini. Kama jozi zote ni nzima na upande mmoja bado kimya, zungusha pini taratibu ndani ya tundu lake. Ukisikia krrr na sauti inakuja na kupotea, tatizo ni tundu: ama vumbi na pamba za mfukoni zimejaa ndani, ama vibati vyake vimelegea, ama risasi inayolishikilia kwenye sakiti imepasuka. Mulika kwa tochi ya simu. Pamba zitoe kwa kijiti cha meno, MP3 ikiwa imezimwa, bila kuchokoa kwa nguvu na bila pini ya chuma. Jirani yangu alitoa donge dogo kama punje ya mchele, sauti ikarudi pande zote, akaghairi kuuza.

MP3 zenye spika yake zina jambo moja la kuangalia. Ukichomeka hedifoni, kibati ndani ya tundu kinasukumwa na spika inakatwa. Kibati hicho kikikwama, spika inanyamaza hata bila hedifoni, na mtu anaapa kwamba spika imeungua. Chomeka na uchomoe mara kumi, kumi na tano. Ikilia hata kwa sekunde moja, umeshajua.

Angalia pia kile kiswichi cha kufunga vitufe. MP3 nyingi za zamani zinacho ubavuni, na kikiwa kimefungwa hakuna kitufe kinachoitika. Nimewahi kuona mtu anauza yake kama imekufa, mnunuzi akasogeza kiswichi kwa ukucha mbele yake, ikawaka. Hela ilikuwa imeshatoka mkono.

Kisha betri. Chaji mpaka ijae, weka sauti nusu, iache icheze, andika saa ya kuanza na ya kuzima. Yangu ilianza saa mbili na dakika kumi usiku, ikazima saa nne kasoro dakika tano. Saa moja na dakika arobaini na tano, basi. Namba hiyo ndiyo utakayoisema, usiseme "betri inakaa kaa". Zamani jambo hili halikuwepo: Walkman ya kwanza, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa inatumia betri mbili za AA, zikiisha unatuma mtoto dukani. Hizi za leo betri imefungiwa ndani, na uzee wake unakuwa ubovu wa kifaa kizima.

Ikiwa ina hifadhi ya ndani, ijaribu kwa kuijaza. Zipo zinazojitangaza GB 16 huku ndani mna 2 tu. Jaza nyimbo mpaka mwisho, kisha cheza wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Zikiruka au zikatoa kelele, umeuziwa namba ya bandia na wewe usiipitishe kwa mwingine. Upande wa memori kadi, usikimbilie kuandika "haisomi kadi". Kadi za zaidi ya GB 32 huja na mfumo wa faili ambao MP3 nyingi za zamani haziufahamu. Azima kadi ya GB 8 au 16 uijaribu kwanza.

Zile za zamani zaidi, zenye diski ndogo inayozunguka ndani, weka sikio mgongoni mwake. Ukisikia tk, tk, tk na nyimbo haziji, diski inakufa. Ikiwa kuna kitu muhimu ndani, kitoe leo leo, usiendelee kuiwashawasha.

Na sisi wa pwani tuna chumvi. Nyumba ya Raskazone au Sahare, dirisha wazi mchana kutwa, upepo wa bahari unaacha kutu ya kijani kwenye vibati vya shaba. Ukiiona kwenye tundu la chaji au pale kadi inapokaa, iandike. Iliyoonekana nje huenda imeshatangulia ndani.

Hatua ya 2: Betri ikiwa imevimba, simama hapo

Iweke MP3 juu ya meza bapa. Inayumba kama chungu kisicho na kata? Skrini imeinuka upande mmoja? Mfuniko wa nyuma umeachia? Betri imevimba, ndani mna gesi. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, na usiiuze ikiwa hivyo hata mtu akikuambia "nipe tu, nitajua mwenyewe". Mpelekee fundi aitoe. Kinachobaki unaweza kukiuza kama spea, na utasema hakina betri.

Betri yenyewe isiingie kwenye shimo la takataka. Sisi tunachoma taka uani, watoto wako pembeni; lithiamu kwenye moto hulipuka. Muulize fundi anayezikusanya kama ataipokea.

Hatua ya 3: Kutengeneza au kutotengeneza

Nenda kwa mafundi wawili, uulize bei ya kurekebisha, usiache kitu. Unachotaka ni ile bei, maana utaitumia hatua ya tano.

Mimi kwa kawaida sitengenezi. Ukibadilisha tundu la hedifoni kwa sh. 10,000, bei ya kuuzia haipandi kwa sh. 10,000, mnunuzi ataona alama za bisibisi kwenye skrubu na kuuliza "hii imeshachokonolewa?" Utaeleza, ataitika, na moyoni ataendelea kushuku. Kifaa chenye ubovu mmoja ambacho hakijafunguliwa kinaaminika kuliko kizima kilichofunguliwa. Ninachofanya ni kusafisha: kitambaa kikavu, vitufe, pembe za skrini, na kurudisha skrubu kama imepotea. Ikiwa ilishafunguliwa zamani, sema ilifunguliwa kwa ajili gani.

Na ule ujanja wako wa nyumbani uuondoe. Yangu nilikuwa nimeizungushia rababendi inayoivuta pini kwa juu ili sikio la kulia lisikike. Niliikata kabla ya kupiga picha. Ukitaka, mfundishe mnunuzi ujanja huo baada ya kumwonyesha ubovu bila huo ujanja. Ukiiacha rababendi, unafanya kazi ya yule bwana wa boksi la sigara.

Tuliosoma madrasa tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) kutia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni na kukuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuificha kasoro. Sheria za nchi nazo hazipo mbali na hapo: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuificha kwa makusudi kasoro unayoijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa ana haki ya kuuvunja mkataba. Kwa MP3 ya sh. 20,000 hakuna atakayekupeleka mahakamani. Atakupeleka kijiweni, na kijiwe hakina rufaa.

Hatua ya 4: Toa vya kwako

Nyimbo siyo shida kubwa. Shida ni kile kitufe cha kurekodi. MP3 hizi zina kinasa sauti, na watu husahau walichonasa. Kwenye ya dada yangu tulikuta kikao kizima cha kamati ya harusi, pamoja na sehemu ile ambapo familia ya bwana harusi inasemwa. Fungua folda ya sauti, sikiliza kimoja kimoja, hamishia simu au kompyuta unachotaka kubaki nacho. Sauti ya bibi yako akiimba haipatikani tena ukishaiuza kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo futa kwa menyu ya MP3 yenyewe, kule kwenye mipangilio, kufomati kumbukumbu yote. Kufuta faili moja moja kunaacha mabaki ambayo mtu mwenye programu ya kurudisha faili anaweza kuyatoa. Memori kadi yako chomoa ubaki nayo. Kadi ndiyo inayojua siri zako, na mnunuzi hana haja nayo.

Kama ni ile ya skrini ya kugusa inayoingia kwenye akaunti, kama iPod touch, toka kwenye akaunti kwanza na uzime kile cha kuitafuta ikipotea. Usipofanya hivyo, mnunuzi ataiwasha na kuambiwa aweke nywila yako, na hapo utaonekana umeuza cha wizi.

Hatua ya 5: Bei

Usianzie kwenye bei uliyonunulia, hiyo ni kumbukumbu yako tu. Anzia kwenye bei ya kitu kama hicho hicho, kilichotumika, kikiwa kizima, hapa Tanga, wiki hii. Ulizia vibanda viwili vitatu. Toa bei ya fundi. Toa kitu kidogo cha usumbufu wa kwenda kwa fundi. Hapo ndipo bei yako.

Yangu ilikuwa hivi: nzima iliyotumika sh. 40,000. Tundu la hedifoni fundi alitaka sh. 10,000, betri sh. 5,000. Usumbufu nikauhesabia sh. 2,000. Imebaki sh. 23,000. Nikatangaza sh. 28,000, kwa sababu hapa kwetu bei isiyoshuka ni matusi. Lakini nisingetangaza 40,000 nikitegemea kushuka, maana ubovu ukiutaja halafu bei ikawa ya kizima, watu wanadhani hujui unachosema.

Wapo watakaokuambia ubovu unafuta thamani yote. Inategemea ubovu. Zile iPod za diski, ambazo toleo lake la mwisho liliondolewa sokoni mwaka 2014, wapo wanaozitafuta hata diski ikiwa imekufa, kwa sababu wanaitoa na kuweka kadi mahali pake. Kwao skrini nzima na kasha lisilo na mikwaruzo ndiyo mali. Ukiwa na moja usiitupe kwa sh. 5,000 kwa anayekuja mbio mbio. Mbio zake zina sababu.

Hatua ya 6: Mtafute ambaye ubovu huo haumgusi

Watu wengi hutangaza kwa kila mtu, wanapata simu thelathini na mnunuzi hakuna. Kaa ujiulize: kasoro hii inamuuma nani, na nani hata hataiona?

Chukua sikio moja lililonyamaza. Kijana anayesikiliza muziki wa sasa ataumia, maana nyimbo za stirio zinagawanywa: gitaa huku, kinanda kule, na upande ukinyamaza wimbo unakuwa na pengo. Lakini mawaidha, kisomo cha Kurani, mahubiri, masomo ya lugha, ni sauti moja inayokwenda pande zote sawasawa. Ukikosa sikio la kulia hukosi neno. Hata nyimbo nyingi za miaka ya 1960, enzi ambazo mji huu ulikuwa unatikiswa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilirekodiwa kwa sauti moja, kwa hiyo gitaa la solo lipo lote kwenye sikio la kushoto. Wazee wa aina hiyo ya muziki ni wengi mjini hapa, na hawataki simu yenye meseji zinazokatiza wimbo.

Betri iliyochoka haimsumbui mtu aliyekaa karibu na umeme mchana kutwa: muuza duka, kinyozi, fundi cherehani. Inamsumbua mtu wa baiskeli anayetoka Pongwe kila asubuhi. Skrini iliyofifia haimsumbui anayebonyeza kitufe kimoja kile kile. Kitufe cha kupunguza sauti kilichokufa, hicho kinamsumbua kila mtu, punguza bei.

Dereva wa bodaboda atakuambia sikio moja linamtosha. Mwambie linamtosha akiwa amepaki.

Mimi nilifikiria fundi cherehani. Wanakaa kibarazani, mashine mbele, wateja wanapita, lazima sikio moja liwe la barabarani. Nikamwambia shemeji yangu anayeshonesha Makorora aulizie.

Hatua ya 7: Tangazo

Picha nne, mchana, kivulini, bila mapambo: mbele ikiwa imewashwa, nyuma, tundu la hedifoni kwa karibu, na mikwaruzo yote. Juani skrini haionekani na mtu atafikiri haiwaki. Ongeza video fupi ya sekunde ishirini ambapo unaonyesha ubovu wenyewe. Kwa ubovu wa sauti, weka kila kipande cha hedifoni kwa zamu karibu na simu inayorekodi. Kimya kinasikika vizuri kuliko maelezo.

Ubovu uwe sentensi ya kwanza au ya pili, usiwe wa mwisho baada ya "bei ina maongezi". Hili ndilo nililoweka kwenye stetasi na kwenye grupu la mtaa:

"Nauza MP3 nyeusi, inatumia memori kadi. Ina ubovu: sikio la kulia halitoi sauti mpaka uikandamize pini. Betri ikijaa inacheza saa moja na dakika 45. Vingine vyote vinafanya kazi: redio, kinasa sauti, spika yake, vitufe vyote. Haijawahi kufunguliwa. Nimeitumia mwenyewe miaka mitatu. Ina waya wake wa chaji. Inafaa kwa mawaidha, kisomo na nyimbo za zamani. Sh. 28,000, maongezi yapo kidogo. Kuiona ni Ngamiani."

Usiandike "inahitaji marekebisho madogo". Madogo kwa nani? Na usiandike "fundi yeyote anatengeneza" kama hujamuuliza fundi.

Baadhi ya watu watakuandikia kukucheka: nani atanunua kitu cha sikio moja? Usiwajibu. Wakati wanakucheka wanalisambaza tangazo.

Hatua ya 8: Kuonana

Mchana, mahali penye watu, penye umeme. Duka la rafiki linafaa kuliko nyumbani kwako na kuliko stendi ya Kange, ambako mtu ana haraka na basi linapiga honi. Mji wetu una usemi wake, waja leo waondoka leo. Aliye njiani kuondoka mwonyeshe ubovu mara mbili, kwa sababu hatakuwepo kesho kukuuliza, na atakachobaki nacho kuhusu Tanga ni wewe.

Uwe umeichaji. Beba hedifoni nzima na kadi yenye nyimbo chache. Kitu cha kwanza kumwekea mikononi ni ubovu. Nilipokwenda kwa mama fundi cherehani wa Makorora, aliyepatikana kupitia shemeji, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo ya sikio moja?"

"Ndiyo yenyewe. Weka hedifoni zote mbili, usiguse pini." Nikawasha. "Kulia unasikia?"

"Kimya."

"Sasa ikandamize pini hapa juu, kwa kidole gumba."

Akaikandamiza. Macho yakafunguka, akaanza kutikisa kichwa. Akaiachia, upande mmoja ukakata. Akaikandamiza tena, akaiachia tena, mara nne tano, kama mtoto na swichi ya taa. Kisha akatoa hedifoni ya kulia, akaiacha inaning'inia kifuani, akasogeza kitambaa kwenye mashine na kukanyaga pedali huku akisikiliza kwa kushoto. Alishona mshono mzima wa pembeni mwa dera kabla ya kusema neno.

"Mie nasikiliza hivi hivi kila siku," akasema. "La kulia la wateja."

Nikajua ameshanunua. Naye akajua kwamba nimejua, kwa hiyo akakunja uso.

"Lakini mwanangu, kitu cha sikio moja unaniuzia kwa bei ya masikio mawili?"

"Ya masikio mawili ni arobaini, shangazi. Hii ishirini na nane."

"Chukua ishirini."

"Ishirini nitakuwa nimekupa na tundu bure. Lete ishirini na sita."

"Ishirini na nne, na hizo hedifoni unaniachia."

Hedifoni zilikuwa za sh. 3,000. Nikamwachia.

Angalia alichofanya: ubovu usiomgusa hata chembe ndio alioushikia bei. Huo ni uungwana wa sokoni, usikasirike na usianze kumwambia "lakini wewe mwenyewe umesema". Ulishautoa kwenye hesabu yako hatua ya tano, kwa hiyo unashuka ukiwa unajua sakafu iko wapi. Sakafu yangu ilikuwa 23,000. Angegoma kwenye 22,000 ningeaga kwa adabu na kurudi na MP3 yangu.

Halafu mwache ajaribu vingine kwa muda anaotaka: redio, kurekodi, kuchaji. Akikuta tatizo ambalo hukulijua, usibishe. Kwa yule mama lilikuwepo moja: saa ya kwenye skrini ilikuwa inarudi sifuri kila ikizimwa. Sikuwahi kuitazama. Nikamwambia kweli sikujua, akasema saa anayo ukutani.

Hatua ya 9: Hela na karatasi

Taslimu ni rahisi. Kwa simu, kubalianeni kabla nani anabeba ya kutolea, maana ugomvi wa sh. 1,000 huja baada ya kupatana kwote. Na usiachie MP3 kwa sababu umeonyeshwa meseji kwenye simu yake, wala kwa sababu meseji imeingia kwenye yako. Ingia kwenye menyu yako ya M-Pesa au Airtel Money au chochote unachotumia, uangalie salio kwa macho yako. Meseji mtu anaweza kuitunga, salio hawezi.

Karatasi fupi, nakala mbili, hata ya kuchana daftarini. Tarehe, majina yenu, aina na rangi, namba ya nyuma ya kifaa kama ipo, bei, na sentensi hii: "Mnunuzi ameonyeshwa kwamba sikio la kulia halitoi sauti bila kukandamiza pini, na kwamba betri inacheza saa moja na dakika 45." Saini mbili. Inakulinda wewe asirudi na ubovu ule ule kudai hela, na inamlinda yeye siku akiulizwa ameipata wapi. Yule mama aliikunja akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Mimi huwa natoa siku mbili. Likitokea lingine ambalo halipo kwenye karatasi, arudishe nimpe hela yake. Zaidi ya hapo hapana. Kitu cha mtumba ukikipa dhamana ya mwezi unakuwa umekikodisha.

Hatua ya 10: Kama mnunuzi yuko mbali

Muheza, Korogwe, Lushoto, Dar, vifurushi vinakwenda kwa basi kila siku. Mtumie video ya ubovu na picha ya karatasi, na usubiri akujibu kwa maandishi kwamba ameona na amekubali; simu ya mdomo haitoshi. Hela iingie kwanza, nauli ya kifurushi mpatane nani analipa. Izime kabisa, funga kile kiswichi cha vitufe isijiwashe njiani, izungushie kitambaa, uweke kwenye boksi gumu. Namba zenu mbili juu ya boksi kwa kalamu isiyofutika. Piga picha ya boksi na ya risiti ya ofisi ya basi, umtumie kabla basi halijatoka. Yenye betri ya wasiwasi usiipandishe kwenye gari la abiria.

Ukishakabidhi, rudi kwenye stetasi na kwenye grupu, futa tangazo au andika juu yake IMEUZWA kwa herufi kubwa. Mimi nilisahau, na wiki ya tatu bado nilikuwa napigiwa saa tano usiku na mtu wa Mikanjuni anayetaka kujua lile sikio ni la kulia au la kushoto.